Kabla ya Kidoti cha Bluu: Historia ya Kupima Ishara za GPS na Galileo

Fungua ramani kwenye simu yako. Kile kidoti cha bluu kinachosema uko wapi, kuna siku kinakuweka ng'ambo ya barabara, si ndiyo? Dereva wa bajaji anakupigia: "Dada, mbona ramani inaonyesha uko upande wa sheli?" Na wewe umesimama mbele ya duka la dawa, jua linakuchoma. Mnaishia kuelekezana kwa mdomo, kisha mnailaumu "netiweki".

Netiweki wala haina kosa hapo. Kidoti kile kinatokana na mawimbi ya redio yanayoshuka kutoka kwenye satelaiti zilizo juu yetu kwa zaidi ya kilomita 20,000. Na leo, ndugu msomaji, tunataka kukusimulia jambo ambalo watu wengi hawajawahi kujiuliza: hizo ishara zilipimwaje kabla ya kuaminiwa?

Swali si dogo. Satelaiti ikishapanda, fundi hawezi kuifuata na bisibisi. Na kuna jambo zito kuliko hilo. Ishara ikishatangazwa, viwanda duniani kote vinatengeneza vipokezi vya kuisikiliza, mamilioni kwa mamilioni. Baada ya hapo huwezi kuibadilisha hata kama umepata wazo zuri zaidi, maana utazima simu, meli na ndege za watu. Ishara ya raia ya GPS iliyobuniwa miaka ya 1970 bado inafanya kazi ndani ya simu yako leo. Kwa hiyo waliokuwa wanaipima wakati ule walikuwa wanakuamulia wewe, hata kama hukuwa umezaliwa.

Kwanza tuelewane: ishara inasema nini?

Watu wengi hudhani satelaiti inaiambia simu "uko Sinza". Hapana. Satelaiti haijui kama upo. Inachofanya ni kutangaza muda wote: mimi ni satelaiti fulani, niko mahali fulani, na saa yangu sasa hivi inasema hivi. Simu ndiyo inayofanya hesabu. Inaangalia ujumbe umechelewa kiasi gani, inazidisha na mwendo wa mwanga, inapata umbali. Satelaiti ikiwa utosini, ujumbe unachukua kama sekunde 0.067 kufika. Ukipata umbali wa satelaiti tatu unajua mahali ulipo. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu yako ni ya bei rahisi na haiaminiki.

Sasa shika namba hii, tutaihitaji tena: katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga husafiri sentimita 30 hivi. Ukikosea nanosekunde 30, umekosea mita 9. Hapo ndipo bajaji inapokwenda sheli.

Simu inapimaje uchelewaji mdogo namna hiyo? Kila satelaiti ya GPS hutuma mfuatano wake wa sifuri na moja unaoonekana kama umechanganywa ovyo, lakini unajulikana mapema. Ule wa raia una tarakimu 1,023 na unarudiwa mara 1,000 kila sekunde. Simu ina nakala yake, inaisogeza mbele na nyuma mpaka ilingane na ile inayotoka juu. Ni kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja: ukiujua wimbo, unajua mwenzako amechelewa kwa maneno mangapi. Satelaiti zote za GPS hutumia masafa yaleyale, megahezi 1575.42, kila moja na wimbo wake. Tena ishara hufika chini ikiwa dhaifu mno, imezama ndani ya kelele. Unaidaka kwa sababu unaujua wimbo wake, kama unavyoweza kusikia jina lako likiitwa katikati ya makelele ya Kariakoo.

Kubuni ishara, basi, ni kuchagua umbo la wimbo huo. Ukiwa na mabadiliko makali na ya haraka, unapima muda vizuri zaidi na unaweza kutofautisha ishara iliyokuja moja kwa moja na mwangwi uliogonga ukuta wa ghorofa. Lakini wimbo wa namna hiyo unachukua nafasi kubwa ya masafa na unaweza kuwasumbua majirani. Kila umbo lina bei yake. Ukitaka kujua bei hiyo ni kiasi gani, lazima upime.

Jangwa lililogeuzwa kuwa anga

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilikuwa na miradi miwili iliyoshindana. Jeshi la Majini lilikuwa na Timation, mradi wa Roger Easton, ambao tangu 1967 ulikuwa ukirusha satelaiti zenye saa ili kuona kama muda unaweza kusambazwa kutoka angani. Jeshi la Anga lilikuwa na mradi wa 621B, uliopendelea hii ishara ya mfuatano unaoonekana kama kelele. Tatizo la 621B lilikuwa moja: hawakuwa na satelaiti. Wakafanya nini? Wakaweka vitoa ishara ardhini na kwenye puto kule White Sands, New Mexico, wakavifanya vijifanye satelaiti, kisha wakapitisha ndege.

Mwaka 1973 Kanali Bradford Parkinson akapewa kazi ya kuunganisha mawazo hayo, na Desemba ya mwaka huo mpango wa GPS ukaidhinishwa. Lakini idhini ya kwenye karatasi haikumaanisha pesa za satelaiti 24. Kwanza walitakiwa kuthibitisha.

Hapo ndipo Yuma inapoingia. Yuma ni jangwa la Arizona ambako jeshi hujaribia silaha. Mwaka 1977, kabla ya satelaiti yoyote ya GPS kurushwa, waliweka pale vituo vinne ardhini, kila kimoja kikitangaza ishara ileile ambayo satelaiti ingetangaza. Waliuita uwanja uliopinduliwa, na jina linajieleza: badala ya kipokezi kuwa chini na satelaiti juu, ndege yenye kipokezi ilikuwa juu na "satelaiti" zikawa chini mchangani. Wakati huohuo mitambo ya leza ilikuwa ikiifuatilia ndege na kurekodi mahali ilipo hasa. Hivyo kila jibu la kipokezi lilikuwa na karatasi ya majibu pembeni.

Angalia akili iliyotumika pale. Ukipima ishara mpya kwa kutumia ishara hiyohiyo, utajidanganya. Lazima uwe na ukweli uliopatikana kwa njia nyingine kabisa. Leza haikujua chochote kuhusu GPS, ndiyo maana iliweza kuisahihisha.

Satelaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa Februari 22, 1978. Kabla mwaka haujaisha zilikuwa nne, na njia zake zilipangwa ili kwa saa kadhaa kila siku zionekane pamoja juu ya Yuma. Katika miezi hiyo, vituo vya ardhini vilijaza nafasi ya satelaiti ambazo hazijafika. Anga likawa linajengwa kidogokidogo, huku majaribio yakiendelea.

Swichi ya Einstein

Kuna jaribio moja la 1977 ambalo sisi tunalipenda sana. Nadharia ya Einstein inasema kwamba saa iliyo juu, mbali na uvutano wa dunia, itakimbia kuliko ya chini. Na saa inayokwenda kasi itachelewa. Kwa njia za GPS, ukijumlisha yote mawili, saa ya juu inatangulia kwa mikrosekunde kama 38 kila siku. Zidisha na mwendo wa mwanga: ni zaidi ya kilomita 11 za kosa kwa siku moja!

Lakini si kila mtu kwenye mradi aliamini kwamba jambo hilo lingetokea kweli. Basi satelaiti ya NTS-2, iliyorushwa Juni 23, 1977 ikiwa na saa za atomu za seziamu, ikawekewa kifaa cha kurekebisha mwendo wa saa ambacho kingeweza kuwashwa kwa amri kutoka ardhini. Ikarushwa kikiwa kimezimwa. Kwa siku kama 20 waliiacha saa ikimbie bila kuigusa, wakapima. Hesabu ilisema itatangulia kwa sehemu 446.5 kati ya trilioni moja. Kipimo kikasema 442.5. Tofauti ni chini ya asilimia 1. Kifaa kikawashwa.

Hawakubishana mkutanoni mpaka mmoja achoke. Walitengeneza swichi, wakaipa saa nafasi ya kumkosoa Einstein, kisha wakasubiri.

Ishara iliyofaulu kupita kiasi

GPS ilikuwa na misimbo miwili. Mmoja wa kijeshi, mkali na wa usahihi. Mwingine wa raia, wa polepole zaidi, uliokusudiwa kuwa wa kukadiria tu. Wabunifu walitarajia uwape raia usahihi wa mita 100 hivi, basi.

Majaribio yalipofanyika, msimbo huo wa "kukadiria" ukatoa mita 20 hadi 30. Kwa mhandisi hiyo ni sherehe. Kwa wakuu wa jeshi ilikuwa ni jambo la kuwanyima usingizi, kwa sababu adui naye ana masikio. Suluhisho lao: kuanzia mwaka 1990 satelaiti zikaanza kuharibu ishara ya raia kwa makusudi, ili kosa lirudi kwenye mita 100. Hali hiyo ilidumu mpaka usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, ilipozimwa kwa amri ya Rais Clinton. Kwa miaka kumi, basi, mvuvi na mpima ardhi walipewa ishara mbovu kwa sababu jaribio lilitoa matokeo mazuri mno. Kipimo hakiamui matokeo yatatumiwaje. Hilo huamuliwa na mwenye satelaiti.

Ulaya na njia ya katikati ya nywele

Wazungu wa Ulaya waliliona hilo vizuri, wakaamua kujenga mfumo wao, Galileo, ulio chini ya raia. Lakini masafa mazuri yalikuwa tayari yamekaliwa na GPS. Unajengaje nyumba kwenye kiwanja chenye mtu?

Jibu lilitokana na muundo wa ishara uitwao BOC, ambao John Betz wa taasisi ya MITRE alikuwa ameukuza kwa ajili ya ishara mpya ya jeshi la Marekani. Ishara ya zamani ya raia imerundika nguvu zake katikati ya masafa. BOC inazigawa pande mbili, kama mtu anayechana nywele na kuacha njia katikati. Hivyo ishara mbili zinaweza kuishi kwenye masafa mamoja: moja katikati, nyingine pembeni.

Nzuri sana, ila Ulaya nayo ilitaka kutumia pembe zilezile ambazo Marekani ilizipanga kwa ajili ya jeshi lake. Mwaka 2001 Washington ilipinga rasmi. Hofu yake ilikuwa kwamba siku ya vita haitaweza kuziba ishara ya Galileo bila kuziba ya kwake. Mazungumzo yakaendelea mpaka Juni 26, 2004, mkataba uliposainiwa katika kasri la Dromoland, Ireland. Julai 2007 pande zote mbili zikakubaliana umbo la pamoja la ishara ya raia, linaloitwa MBOC: sehemu 10 kati ya 11 za nguvu ni ishara rahisi ya kudakwa, na sehemu 1 iliyobaki ni ishara ya kasi zaidi inayosaidia kupambana na mwangwi wa majengo.

Hiyo sehemu moja kati ya 11 ilizua ubishi, na tunadhani ubishi ulikuwa wa haki. Kipokezi cha bei rahisi hakiwezi kuitumia sehemu hiyo ya kasi. Kwake ni nguvu iliyopotea. Kipokezi cha gharama ndicho kinachofaidi. Kwa hiyo ndani ya hesabu ya mawimbi kulikuwa na swali la kibinadamu: tumkate kidogo mwenye simu ya bei nafuu ili mpima ardhi apate zaidi? Walikubali, kwa sababu hasara ilikuwa ndogo na faida ingebaki kwa miongo mingi.

Wakati huo Ulaya ilikuwa pia inakimbizana na kalenda. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zinasema ukipewa masafa uyatumie kabla ya tarehe fulani, la sivyo unayapoteza. Kwa hiyo satelaiti ya majaribio, GIOVE-A, ikajengwa haraka na kampuni ya Surrey Satellite Technology ya Uingereza na kurushwa kutoka Baikonur Desemba 28, 2005. Januari 12, 2006 ikatangaza ishara yake ya kwanza. Wanasayansi waliielekezea antena kubwa ya Chilbolton, Uingereza, yenye kipenyo cha mita 25. Kwa nini kubwa hivyo? Kumbuka ishara imezama kwenye kelele. Antena kubwa inaikusanya mpaka inatokeza juu, na hapo unaliona umbo lenyewe, kila tarakimu na kona zake. Unaona kama satelaiti inatuma kweli kile ulichochora.

Na wanafunzi wenzetu hawakubaki nyuma. Misimbo ya GIOVE-A ilikuwa haijachapishwa, lakini kikundi cha Profesa Mark Psiaki wa Chuo Kikuu cha Cornell kiliisikiliza ishara hiyo na kuichambua mpaka kikaipata misimbo, mwaka uleule wa 2006. Umbo la MBOC lenyewe lilitangazwa kutoka angani kwa mara ya kwanza Mei 2008 na GIOVE-B.

Sikio la Malindi

Satelaiti inazunguka dunia nzima, kwa hiyo antena moja Ulaya haitoshi. Ili kufuatilia saa na njia za GIOVE, Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliweka mtandao wa vituo 13 vya kusikiliza duniani. Kimoja kilikuwa Malindi, Kenya, eneo ambalo Waitaliano walianza kurusha satelaiti tangu miaka ya 1960.

Kituo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mandhari ya bahari. Anga la ukanda wa ikweta lina tabia yake. Tabaka la juu lenye chembe za umeme, ayonosfia, linachelewesha ishara, na hapa kwetu baada ya jua kuzama huwa linachafuka: linatokea kama mapovu, na ishara zinapepesuka kama taa ya kibatari kwenye upepo. Ishara iliyofaulu kwenye anga tulivu la Uholanzi inaweza kusumbuka juu ya Mombasa saa mbili usiku. Ukiacha kupima huku, umepima nusu tu ya kazi.

Satelaiti iliyobeba mwangwi wake

Tumalizie na aliyeanguka mtihani. GPS ilitaka ishara ya tatu ya raia, L5, kwenye masafa mengine, na nayo ilikuwa na tarehe ya mwisho: Agosti 2009. Basi wakaongeza kifaa cha majaribio cha L5 kwenye satelaiti iliyokuwa tayari imejengwa, SVN 49, iliyorushwa Machi 24, 2009. Aprili 10 ishara ya L5 ikasikika. Masafa yakaokolewa.

Lakini ishara za kawaida za satelaiti hiyo, zile ambazo hazikuwa na shida kwa ndugu zake, zikaanza kutoa makosa ya mita kadhaa, na kosa lilibadilika kadiri satelaiti ilivyopanda au kushuka angani. Uchunguzi ukamkuta mwizi ndani ya nyumba. Kifaa kipya kilikuwa kimeunganishwa kwenye antena kupitia tundu ambalo kabla halikuwa na kazi. Sehemu ndogo ya ishara za kawaida ilipenya humo, ikagonga kichujio cha L5, ikarudi na kurushwa tena ikiwa imechelewa kwa nanosekunde kama 30. Zile mita 9! Mwangwi haukutoka kwenye ghorofa la Kariakoo. Satelaiti yenyewe iliubeba. Njia za kurekebisha zilipendekezwa, ila kila moja ilisaidia aina fulani ya vipokezi na kuumiza nyingine. Mwishowe haikuwahi kuruhusiwa kutumika kama wenzake.

Na wewe je?

Ukitazama historia hii yote, wanaoamua umbo la ishara ni wachache, na sisi mara nyingi tumekuwa masikio tu. Lakini kuna mlango umefunguka. Tangu 2016, simu za Android zimeanza kuruhusu programu kusoma vipimo ghafi vya satelaiti, si kidoti peke yake. Kuna programu za bure zinazovirekodi, na simu nyingi mpya zinasikia Galileo na L5 pia.

Kwa hiyo jaribu hivi. Tafuta sehemu ambayo kuratibu zake unazijua kwa njia nyingine, mfano nguzo ya wapima ardhi. Hiyo ndiyo leza yako. Weka simu hapo saa kumi jioni, rekodi nusu saa. Rudi saa mbili usiku, rekodi tena. Kisha linganisha: kosa limeongezeka? Satelaiti zipi zimepepesuka, na L5 imesaidia?

Ukipata kitu, tuandikie. Hata ukipata kwamba hakuna tofauti yoyote, tuandikie pia.